Asilimia moja ya Elkhart ni watu wangapi?

Nikifundisha takwimu za ajira huanza na Elkhart, jimbo la Indiana, Marekani. Kaunti nzima ilikuwa na watu 207,000 hivi kwenye sensa ya 2020, lakini mchoro wake wa ukosefu wa ajira una vilele na mabonde ya kutisha. Machi 2009 kiwango kilikaribia asilimia 20. Aprili 2020 kikakaribia 30. Mwisho wa 2021 kilikuwa chini ya 2. Mwanafunzi akiuona mchoro bila jina la mahali, hudhani nimekosea kuuchora.

Wale watu wanategemea kazi moja: kutengeneza magari-nyumba na trela za kulala, vile vyumba vya magurudumu ambavyo familia huvuta kwenda navyo likizo. Ni kitu cha anasa, tena wengi hukikopea. Benki zikibana mikopo, hicho ndicho cha kwanza kuahirishwa. Mwaka 2006 viwanda vya Marekani nzima vilipeleka sokoni zaidi ya trela na magari 390,000. Mwaka 2009, kama 165,000. Julai 2008 kampuni ya Monaco Coach ilitangaza kufunga viwanda vyake huko, na watu kama 1,400 wakaachwa bila kazi. Kwa New York hao hawaonekani hata kwenye desimali. Elkhart, yenye nguvu kazi ya laki moja na kitu, ni zaidi ya asilimia moja kwa tangazo moja tu. (Si wote walihesabiwa pale, maana takwimu hizi humhesabu mtu anakolala, si anakofanyia kazi, na wengi hutoka kaunti jirani.) Februari 2009 Obama, hata mwezi hajamaliza ofisini, alikwenda huko kuutetea mpango wake wa kuinua uchumi.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni miaka ya utulivu. Mwaka 2021 magari na trela zilizotoka nchini kote zilipita 600,000. Mwaka 2023 zilikuwa kama 313,000, karibu nusu. Ungetegemea balaa la 2009 lirudi. Halikurudi, kiwango hakikuzidi asilimia 5.

Ili kuelewa, fika kiwandani alfajiri. Nje kuna baiskeli za Waamishi, Wakristo wasiomiliki magari, ambao wengi siku hizi wako viwandani kuliko mashambani. Ndani trela inasukumwa kutoka kituo hadi kituo: huku sakafu, kule kuta, mbele nyaya na bomba. Wengi hulipwa kwa idadi wanayomaliza, si kwa saa. Wakitimiza ya siku, mchana mapema wako njiani kurudi nyumbani. Oda zikipungua, mwajiri anayekumbuka alivyohangaika kupata mafundi 2021 hamfukuzi mtu. Anakata siku. Wiki ya siku tano inakuwa ya nne, au tatu.

Na kwenye dodoso la ajira, linalotoa kile kiwango, aliyefanya kazi ya malipo japo saa moja wiki hiyo ana ajira, sawa na mama aliyeuza vitumbua asubuhi moja tu. Mshahara umepungua kwa theluthi, kodi ya nyumba iko palepale, na kiwango hakijatikisika.

Kwa hiyo kwa Elkhart mimi huuliza kwanza trela ngapi zimetoka mwezi ule, kisha saa za kazi kwa wiki. Kiwango nakitazama mwisho, nacho hutoka mwezi mzima baadaye.