Themostati haina kosa, irudishieni mahali pake

Jumamosi tena. Dada mmoja kaja na Vitz ya mwaka 2007, analalamika mafuta. Anasema zamani akiweka ya elfu hamsini anamaliza nayo wiki, sa hivi siku ya nne tu taa ya mafuta inawaka. Kashabadilishiwa plagi, kashasafishiwa nozeli, na fundi wa mwisho kamwambia oksijeni sensa imekufa, atafute pesa. Nikamwambia dada, washa gari iache inaunguruma hapo, njoo tunywe chai. Tumekunywa chai, vikombe vimerudi kwa mama lishe, taa ya bluu kwenye dashibodi, ile inayosema maji ya injini bado ni baridi, bado inawaka. Nikamuuliza hii taa huwa inazima saa ngapi? "Fundi, hiyo si ipo tu, siku nyingine inazima nikishafika kazini." Hapo nikajua. Nikamuuliza hii gari ilishawahi kuchemsha? "Ndiyo, mwaka jana. Wakatoa kidude fulani, wakasema huku kwetu joto, hakina kazi."

Kidude fulani! Jamani, hiyo ndo themostati, kimlango kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kupozwa mpaka injini ipate moto. Mwezi huu peke yake hii ni gari ya nne, nimechoka kueleza mtu mmoja mmoja pale gereji huku nimeshika spana, kwa hiyo naandika mara moja, mtu akiniuliza nampa hii asome.

Kwanza hii hoja ya joto. Eti themostati ni ya nchi za baridi, Ulaya huko, sisi wa Dar tunaitoa. Sasa ndugu yangu, hii gari umeitoa wapi? Japani. Mwaka 2018 mji wa Kumagaya huko huko Japani ulifika nyuzi 41.1, lini Dar imefika hapo? Na waulize ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, kiangazi chao nyuzi 40 na kitu ni kawaida tu, na Toyota zao zinatembea na themostati ndani. Injini haijali joto la nje kama unavyodhani. Yenyewe inataka maji yake yakae kwenye nyuzi 80 na kitu mpaka 90 na kitu. Nje kukiwa 32 ni baridi kwake, Dar ni baridi, Tanga baridi, Makambako ndo usiseme.

Chenyewe kinavyofanya kazi hakina maajabu. Ndani kuna nta, nta ikipata joto inavimba inasukuma kijiti, mlango unafunguka maji yanaenda kwenye rejeta. Nyingi za Toyota ukigeuza utaona namba 82 imegongwa pale chini, hiyo ndo nyuzi inayoanza kufunguka. Haina waya wala fyuzi.

Sasa sehemu inayonikera ni hii, na hapa tulieni kidogo. Watu wanadhani themostati ni kizuizi tu, kama geti. Ukitoa geti maji yanapita kwa uhuru, gari inapoa zaidi. Inaingia akilini, hata mimi niliamini. Lakini chukua themostati ya Toyota uishike mkononi uiangalie vizuri, nyingi zina sahani MBILI. Ya juu ndo mlango wa kwenda rejeta. Ya chini, ile ndogo yenye springi yake, ni mlango wa njia ya mkato. Kwenye injini kuna tundu ambalo maji yanazungukia humo humo ndani bila kwenda rejeta kabisa, gari ikiwa ya baridi tundu hilo liko wazi ili injini ipate moto haraka. Injini ikishapata moto, mlango wa juu unafunguka na ile sahani ya chini inashuka inaziba lile tundu, sasa maji yote hayana ujanja, lazima yapite rejeta. Umeelewa? Yote. Ukiitoa themostati, nani anaziba tundu? Hamna. Kwa hiyo sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoa, muda wote, na maji huwa yanafuata njia rahisi. Ndo maana unakuta gari haina themostati, mjini inatembea na ubaridi wake mpaka taa ya bluu haizimi, afu siku ya kwenda Iringa, umepakia watu watano na mizigo, ukianza kupanda Kitonga inachemsha. Halafu mtu ananiambia "lakini fundi themostati tulishatoa". Ndiyo, mlishatoa, ndo sehemu ya tatizo!

Sasa kwa nini hii imani haifi? Kwa sababu kuna siku inafanya kazi, lazima niseme ukweli. Themostati ikiwa imeganda imefunga, ukiitoa gari inapona siku hiyo hiyo, mteja anafurahi, fundi anaonekana bingwa. Na rejeta ikiwa imeziba nusu, ukitoa themostati unachelewesha tu, gari itakaa miezi kadhaa bila kuchemsha mjini. Mteja hatarudi kwa fundi yule kulalamika mafuta, atapeleka kwingine. Mimi mwenyewe miaka yangu ya mwanzo gereji nimezitoa nyingi, nilikuwa na kopo la maziwa limejaa themostati nzima kabisa, mkuu wangu wa kazi ndo alivyonifundisha na yeye alifundishwa hivyo hivyo. Sikuwahi kujiuliza mpaka gari moja ilivyonirudia mara tatu.

Na hasara yake mara nyingi hairudi kama kuchemsha, inarudi na sura nyingine, ndo maana haikamatwi. Kompyuta ya gari inasoma sensa ya maji, ikiona maji ni baridi inaongeza mafuta, inaamini ndo kwanza umeamka asubuhi. Inaongeza leo, kesho, mwaka mzima. Otomatiki nyingi za Toyota maji yakiwa baridi giaboksi haikubali kufunga loki-apu (ile inayoiunganisha moja kwa moja na injini), na zile za gia nne hazikupi ovadraivu, gia ya mwisho, mapema, kwa hiyo injini inazunguka sana bure. Mafuta yanaliwa, mtu anabadilisha plagi. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Na lingine hili ndo linaniuma zaidi: injini isiyopata moto haikaushi unyevu wake, ukifungua kifuniko cha oili unakuta ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko. Fundi anauona anapiga kelele, gasketi ya hedi imekufa, maji yameingia kwenye oili! Hedi, yaani kichwa cha injini, inashushwa. Laki kadhaa zimeondoka kwa ugonjwa ambao haupo. Kabla hujakubali hedi ishushwe, chomoa stiki ya oili. Kama oili kwenye stiki ni ya kawaida na maji kwenye rejeta hayapungui, huo ute wa kwenye kifuniko peke yake hautoshi kushusha hedi, kataa kwa heshima uondoke na gari yako.

Haya, gari inachemsha, uko nyumbani, uangalie nini? Swali la kwanza siyo kitu gani kimekufa, ni inachemsha WAKATI GANI. Ikichemsha kwenye foleni ila ukipata barabara inatulia, mtuhumiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu ukikimbia upepo unafanya kazi ya feni. Washa AC, kwenye gari nyingi hizi feni inatakiwa izunguke. Haizunguki, angalia fyuzi, badilishana relei (kile kiswichi cha umeme kinachowasha feni) na nyingine ya aina ile ile hapo hapo kwenye boksi, soketi ya feni isiwe imeungua. Na tafadhali, TAFADHALI, usikubali feni iungwe direkti kwenye swichi. Ile Vitz ya Jumamosi nayo ilikuwa imeungwa direkti, yaani themostati hamna na feni haipumziki, hiyo injini haijawahi kujua joto ni nini tangu mwaka jana.

Ikiwa foleni iko poa ila ukikimbia au ukipanda mlima inapanda, hapo tafuta rejeta iliyoziba, wota pampu inayosukuma maji, au hiyo hiyo themostati. Rejeta usiangalie nje tu. Watu wa Dar tunajaza maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo hata sabuni haitoi povu, afu tunashangaa aluminiamu imeoza na mirija imejaa magadi. Injini ikishapata moto, izime, papasa rejeta sehemu mbalimbali kwa tahadhari, sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto maana yake maji hayapiti hapo. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Huna, basi maji ya kunywa ya chupa kwa dharura, siyo ya kisima.

Kifuniko cha rejeta watu wanakidharau sana. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Raba yake ikichoka umerudi kwenye kuchemka kwa sufuria ya nyumbani, yaani 100 hapa pwani, na Mbeya kule juu ni kwenye 94 hivi. Kwa hiyo kifuniko kibovu Dar unaweza usikigundue, ukifika Uyole kinakuumbua. Badilisha, weka chenye namba ile ile. Na usifungue gari ikiwa ya moto, nishaona uso wa mtu ulioungua, sitaki kuelezea.

Kupima themostati yenyewe ni rahisi mpaka inachekesha. Asubuhi gari imelala usiku kucha, washa, shika mpira wa rejeta ule unaounganika kwenye themostati. Yenye themostati nzima, mpira unabaki baridi dakika kadhaa huku injini inapata moto, afu ghafla unapata moto. Isiyo na themostati mpira unapata moto pole pole tangu mwanzo, pamoja na injini. Na ukiitoa, ifunge kamba uining'inize ndani ya sufuria ya maji jikoni isiguse chini, washa moto. Inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, ukiitoa ijifunge yenyewe. Mke wangu ana sufuria moja ameniachia moja kwa moja, kasema hairudi kupikia. Wakati wa kurudisha, kale kapini kadogo kanakochezacheza pembeni kaangalie juu, hako ndo kanatoa hewa. Ukikaweka chini hewa inabaki ndani, gari inachemsha na themostati mpya, na wewe unarudi kusema fundi si nilikwambia hizi vitu hazina kazi.

Hii ya sufuria nayo isikudanganye. Nimeshapima themostati imefunguka vizuri kabisa jikoni, kwenye gari inakwama, nyingine zinafunguka nusu tu na kwa macho unaona sawa. Kwa hiyo siku hizi kama nina wasiwasi nabadilisha tu, ya orijino, kwa sababu feki ninazokutana nazo nyingine zinafunguka maji yakishakaribia kuchemka.

Na gasketi ya hedi, ambayo kila mtu anaiogopa. Gari ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta, maji yajae, mwenzako awashe. Mapovu yakitoka mfululizo bila kuisha, na mpira wa juu unakuwa mgumu dakika ya kwanza kabla hata ya joto, hapo ni kweli. Mapovu machache baada ya kujaza maji ni hewa tu, yataisha. Ila kuna zile gasketi zinazovuja injini ikiwa ya moto tu, hizo zimeshanishinda kuziona mara kadhaa, na mara moja nilikosea upande wa pili, nikashusha hedi ya Premio ya mzee mmoja ikakutwa haina kasoro. Gasketi mpya nilinunua kwa hela yangu. Mzee alinisamehe ila hakurudi tena.

Mtu ataniuliza, je nikikwama porini themostati imeganda? Toa, fika nyumbani pole pole, mguu mwepesi, macho kwenye geji. Hata mimi nitafanya hivyo. Lakini ukifika nunua nyingine. Shida siyo kuitoa, shida ni kwamba ukishafika nyumbani na gari inatembea, unasahau.

Turudi kwa dada wa Vitz. Chanzo cha kuchemsha mwaka jana kumbe ilikuwa relei ya feni, kitu cha kushika kwa vidole viwili. Nikaweka relei, nikatoa ile waya ya direkti, themostati mpya, kifuniko, kulanti. Oksijeni sensa sikuigusa, ilikuwa nzima. Nikamwambia atembee wiki aniambie mafuta yanakwendaje.

Jumatatu asubuhi saa moja na nusu simu inaita. "Fundi, samahani, naona ile taa ya bluu leo imezima hata sijafika barabara ya lami. Kuna kitu umeharibu?"