Modeli kutabiri vizuri hakukupi k

Kwenye tafiti za wakulima wa kahawa hapa Moshi, wanaochagua kati ya pesa leo na pesa zaidi baadaye, hukadiriwa k, yaani kasi ambayo thamani ya pesa hushuka machoni pa mtu kadiri anavyoingoja. Hoja moja haikomi: modeli imetabiri majibu karibu yote, tena wahojiwa ni mamia, kwa hiyo k za wakulima ni za kuaminika. Sivyo, na kosa hili linaharibu kazi za watu wenye bidii.

Chukua fomula ya kawaida iitwayo haiperboli, V = A/(1 + kD), V ikiwa thamani anayoiona mtu leo, A kiasi cha pesa na D siku za kungoja, pamoja na beta kwenye kanuni ya uchaguzi, yaani namba inayoonyesha jinsi mtu anavyofuata tofauti ya thamani badala ya kubahatisha. Mkulima wa Kibosho anaulizwa: shilingi 10,000 leo au 15,000 baada ya siku 30? Mwenye k ya 0.0167 anaona zote sawa. Mwenye 0.05 huchukua ya leo, na mwenye 0.5 vilevile. Sasa ikiwa maswali yote 40 yana k ya mlingano (ile inayofanya chaguo mbili zilingane) kati ya 0.001 na 0.02, yeyote aliye juu sana ya 0.02 atajibu "leo" mwanzo mwisho. Modeli itamtabiri bila kukosea hata swali moja, huku uwezekano wa data ukibaki bapa kutoka hapo kwenda juu, yaani k yoyote ya huko inaeleza majibu yake sawasawa. Namba itakayotolewa na programu ni pale ilipoacha kutafuta, au ukomo uliouweka wewe. Yaani utabiri unakuwa safi zaidi kwa mtu yuleyule ambaye k yake haijulikani kabisa.

Kuongeza wahojiwa kunakuongezea watu wa namna hiyo tu. Rekebisha maswali. 10,000 leo dhidi ya 40,000 baada ya siku 7 hulingana kwenye 0.43, 10,000 dhidi ya 10,500 baada ya siku 60, kwenye 0.0008. Tandaza maswali kati ya ncha hizo kwa hatua sawa za logi.

Beta nayo: weka fedha kwa maelfu. Ukiacha shilingi mojamoja, tofauti ya 5,000 mara beta ya 1 inaingia kwenye exp (kipeo cha e) ya kanuni ya uchaguzi, ambayo hufurika, yaani kompyuta hushindwa kuihesabu, namba hiyo ikipita takriban 709. Na kadiria logi ya k, si k yenyewe.

Kabla ya kupanda Kibosho na dodoso, buni washiriki 500 ndani ya kompyuta. Wape k kutoka 0.0005 hadi 0.5 kwa logi, beta kutoka 0.2 hadi 3 kwa kila shilingi elfu, wajibu maswali yaleyale utakayouliza. Kadiria ukianzia sehemu 20 tofauti, kisha chora k ya kweli dhidi ya iliyokadiriwa. Korilesheni ya 0.9 isikutulize, angalia ncha mbili za mchoro, kwa sababu katikati panaweza kunyooka huku juu pamelala. Modeli ya ngazi, inayokadiria watu wote pamoja kama kundi, huvuta makadirio dhaifu kuelekea wastani wa kundi, na hilo husaidia, ila usiyachukue makadirio yaliyovutwa ukayapeleka kwenye jaribio la t la kulinganisha wastani wa makundi. Tofauti ya makundi ikadiriwe ndani ya modeli.

Bado nina shaka. Uigaji huu unapima kama k inapatikana iwapo modeli ni ya kweli. Mkulima anayeuza kahawa kwa malipo ya kwanza na kungojea malipo ya pili huenda anachagua "leo" kwa kuwa haamini kwamba pesa itafika, na hiyo imani inaingia kwenye k. Januari, ada za shule zikidaiwa, inaingia haja pia.

Dawa inayopendekezwa kwa shaka hiyo ya imani ni kusogeza malipo yote mawili mbele, siku 7 dhidi ya 37. Hapo swali la kwanza, la 10,000 dhidi ya 15,000, linahama kutoka 0.0167 hadi 0.0189, mabadiliko madogo. Lakini 10,000 baada ya siku 7 dhidi ya 40,000 baada ya 14 halina tena k yoyote chanya ya mlingano: kwa haiperboli, kila mtu huona 40,000 ina thamani zaidi. Swali lililokuwa likibeba ncha ya juu limekufa. Ukisogeza tarehe, tunga maswali upya na urudie uigaji wote.