Usituelezee picha, tunaiona

Mwandishi akialikwa kusoma shairi mbele ya mchoro, tuseme wa chui, rasimu yake ya kwanza karibu kila mara hueleza chui alivyo: madoa yake, mkia uliopinda, bluu iliyo nyuma yake. Mimi huwaandaa waandishi kwa usomaji wa namna hii kwenye kumbi za sanaa, na rasimu hiyo huifyeka bila huruma. Watu wamesimama, picha ipo ukutani, taa inaimulika. Mkia wanauona.

Chukua Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi, akafa. Chui aliye kwenye mchoro wake hatuambii lolote kati ya hayo. Shairi likianzia dukani, kwenye makopo ya rangi ya baiskeli, msikilizaji atageuka mwenyewe kuutazama ule mng'ao. Hujamwagiza ageuke.

Somo langu kubwa nimelipata kwa mchoraji, si kwa mshairi. Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, aliichora historia ya Kongo katika picha zipatazo mia, akawa anamsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha baada ya picha, kwa Kiswahili cha kwao, huku akirekodiwa. Katika picha moja Lumumba na wenzake wawili wamelala wamekufa. Kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Mchoro unaishia hapo. Lakini masimulizi yake yana waliotangulia na waliofuata, yana lawama, yana hoja. Picha hushika dakika moja, maneno huileta jana yake na kesho yake.

(Wengine hunitajia mshairi Mwingereza Auden na shairi lake la 1938 kuhusu mchoro uliopo Brussels, wa anguko la Icarus, kijana wa hekaya za Kigiriki aliyeruka kwa mbawa za nta. Sawa. Siku hizi wataalamu wengi wanatilia shaka kama mchoro ule ni wa mkono wa Bruegel mwenyewe, mchoraji unaohusishwa naye, na shairi halijapungukiwa kitu.)

Sasa, kusikilizwa ni tofauti na kusomwa. Aliyesimama hawezi kurudi nyuma mstari mmoja. Ndiyo maana ninapenda mistari ya utenzi, mizani (silabi) 8 tu: kipande kinakwisha, jicho linarudi kwenye picha, kipande kingine kinaingia. Shairi lenye mistari ya mizani 16 nalo lina kituo katikati ya kila mstari kinachofanya kazi hiyohiyo. Sentensi ndefu za shairi huru humezwa na mwangwi, hasa ukumbi ukiwa na sakafu ya saruji. Dakika tatu zinatosha. Miguu ya watu nayo ina haki zake. Simama ubavuni mwa picha, usiizibe, na usijibu kila rangi kwa tamathali.

Mchoraji akiwa hai, simpelekei andiko alipitishe kwanza. Wapo waandaaji wanaofanya hivyo kwa heshima, nami naona wanaua mazungumzo kabla hayajaanza. Aje asikie pamoja na wengine. Akisema hakumaanisha hivyo hata kidogo, apewe maikrofoni, na mwandishi akae kwenye kiti asikilize.