Dakika kumi za kwanza na simu mpya: dhana potofu na ukweli

Toleo jipya la simu likifika kwenye maduka ya Mwanza mjini, hukumu yake hupita haraka. Mteja ameishika, ameburuza skrini juu na chini, amepiga picha moja kuelekea mlangoni, basi: "hii ni moto" au "hamna kitu". Shida ni kwamba hukumu hiyo hutolewa simu ikiwa katika saa yake nzuri kuliko zote. Dukani kuna kivuli, ndani ya simu hamna programu wala picha, betri imejazwa, mwanga wa skrini umepandishwa hadi mwisho. Kesho yake simu hiyohiyo iko soko la samaki la Mwaloni Kirumba jua la saa sita, au imebanwa kwenye usukani wa bodaboda, au iko melini kuelekea Nansio, kisiwani Ukerewe. Hapa tumechukua maneno yanayosikika sana kaunta, na kuyaweka mbele ya ukweli.

"Hii ni megapikseli 108, ile ni 50 tu"

Namba hii inauza simu nyingi za bei ya kati, na hakuna namba inayopotosha zaidi yake. Kinachoamua ubora wa picha ni ukubwa wa kihisio, kile kipande kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga, pamoja na lenzi yenyewe na programu inayochakata picha. Ukikigawa kihisio kidogo katika vijisehemu milioni 108, kila kijisehemu kinapata mwanga kiduchu. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana simu huviunganisha: yenye 108 kwa kawaida huunganisha tisa kuwa kimoja, yenye 50 huunganisha vinne. Piga hesabu: 108 gawanya kwa 9 ni 12, 50 gawanya kwa 4 ni 12.5. Picha utakayopata bila kugusa mpangilio wowote ni ya megapikseli 12 hivi kwa simu zote mbili. Tangu iPhone 6s ya 2015, Apple ilibaki na megapikseli 12 kwenye kamera kuu mpaka iPhone 14 Pro ya 2022 ilipokuja na 48, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyesema iPhone haipigi picha.

Kuhusu kamera tatu nyuma: soma karatasi ya sifa. Kama mbili kati yake ni za megapikseli 2, moja ya vitu vya karibu sana na nyingine ya kupima umbali, hesabu kwamba umenunua simu ya kamera moja.

Jaribio la maana huchukua dakika tano. Bandua ile nailoni ya kiwandani kwenye lenzi, kisha ingia kwenye mpangilio wa kamera na uzime kipengele cha urembo, maana kwenye simu nyingi huja kimewashwa tayari na ndicho kinachowafanya watu wote waonekane wamepakwa poda. Msimamishe mtu mlangoni, mwanga wa nje ukiwa nyuma yake, umpige. Ikuze picha. Ngozi nyeusi ikigeuka ya kijivu, au uso ukiwa giza tupu huku barabara ya nyuma ikionekana vizuri, kamera hiyo haitakufaa kwenye sherehe wala msibani. Halafu mwambie atembee ndani, kwenye taa moja tu, umpige tena. Hapo ndipo kihisio kidogo huumbuka: mkono unakuwa ukungu na ukuta unajaa chengachenga. Mwisho rekodi video ya dakika nzima ukiwa unatembea, uisikilize na sauti yake. Picha ya kitu kilichotulia kwenye mwanga mzuri haikuambii lolote, kwa sababu hata simu ya bei ya chini kabisa huipatia.

"Kioo hiki hakikwaruziki, angalia nakichana na kisu"

Maonyesho haya ni ya kweli na bado hayathibitishi chochote. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, chuma cha kisu au funguo za kawaida kiko kwenye 5 na kitu. Kioo cha simu, kiwe Gorilla Glass ya Corning au cha mwingine, kwa kawaida huanza kukwaruzika kwenye 6 na kuchimbika wazi kwenye 7. Kwa hiyo kisu kimeshindwa kabla ya kuanza.

Adui wa kioo hapa kwetu ni mchanga. Mwanza ni mji wa majabali ya itale, na itale imejaa kwatzi, madini yenye ugumu wa 7. Majabali hayo yakimeng'enyeka karne kwa karne, kwatzi ndiyo inayobaki kama mchanga: kwenye fukwe, kwenye njia za kupandia milimani, kwenye mifuko ya suruali. Chembe moja mfukoni pamoja na simu inatosha kuacha mstari. Anayeshinda mwaloni au kando ya ziwa asiifute simu kwa kanga au kwa shati simu ikiwa na mchanga. Aipulize kwanza, au aipangushe kwa kitambaa chenye unyevu bila kukandamiza, ndipo aifute.

Watu pia huchanganya ugumu na ustahimilivu. Kioo kinachokataa mikwaruzo si lazima kikatae kupasuka, na mara nyingi watengenezaji hupata kimoja kwa kupunguza kingine. Simu ikiangukia kona juu ya jiwe, jina la kioo halisaidii sana. Kava lenye kingo zilizoinuka juu ya skrini husaidia zaidi, na ni la bei ndogo.

Protekta ya kioo nayo hukwaruzwa na mchanga uleule, tofauti ni gharama ya kuibadilisha. Ila kwenye simu inayosoma alama ya kidole chini ya skrini, protekta nene huzuia usomaji huo. Ukishaibandika, futa alama zote za vidole ulizosajili na uzisajili upya. Ikikataa baada ya hapo, tafuta nyembamba zaidi.

"Ina IP68, hii unaogelea nayo"

IP ni kiwango cha kuzuia vumbi na maji: tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP54 maana yake inavumilia matone na michirizi, haizamishwi. IP67 ni mita 1 kwa dakika 30. IP68 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda aliotangaza mtengenezaji mwenyewe, ndiyo maana simu mbili zenye IP68 zinaweza kuwa na viwango tofauti kabisa.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na hapo watu hujipa moyo. Lakini kipimo hufanyika kwa maji masafi yaliyotulia, simu ikiwa mpya na haijafunguliwa. Simu inayomponyoka mtu kwenye mtumbwi hugonga maji kwa nguvu, na maji ya mwaloni yana mchanga, sabuni ya wafuaji na mafuta ya samaki. Sabuni ni mbaya kipekee: hulegeza mvutano wa maji, nayo yakapenya mahali ambapo maji matupu yangeishia mlangoni. Kinachozuia maji ndani ya simu ni gundi na mipira myembamba, na vyote huchoka kwa joto, kwa kuanguka na kwa miaka. Fundi akiifungua simu kubadili betri au skrini bila kuweka gundi mpya, ile IP68 imebaki kwenye boksi. Na watengenezaji wengi hawahesabu madhara ya maji kwenye waranti hata kama simu ina IP68: ndani kuna kibandiko cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, fundi wao huanzia hapo.

Simu ikiingia maji: izime, toa kava na kidroo cha laini, futa, elekeza tundu la chaji chini na uigonge taratibu kwenye kiganja. Iache penye upepo, usiichaji mpaka tundu likauke kabisa, hata ikichukua siku nzima. Umeme ukipita kwenye tundu lenye maji, pini huanza kuliwa na kutu ya kijani, na baada ya wiki mbili simu "haishiki chaji". Mchele hausaidii, Apple inaukataza waziwazi, kwa kuwa punje na unga wake huingia kwenye tundu hilohilo.

"RAM 16"

RAM ni kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi. Angalia kama kuna kinyota kando ya namba. Mara nyingi ni GB 8 halisi na GB 8 zilizokopwa kwenye uhifadhi. Uhifadhi una kasi ndogo mno kuliko RAM, hivyo za kukopa husaidia programu zilizolala nyuma zisifungwe, basi. Hazifanyi simu iwe nyepesi. Tena hula nafasi ya picha zako. Ingia kwenye mpangilio, "Kuhusu simu", usome iliyo halisi.

"Simu mpya ichaji saa nane kabla ya kuitumia"

Huu ni urithi wa betri za nikeli za zamani. Betri ya lithiamu hutumika ikitoka kwenye boksi, na kuimaliza hadi sifuri "ili izoee" kunaichosha tu.

Kinyume chake nacho si kweli: kuhukumu betri siku ya kwanza. Siku tatu nne za mwanzo simu inapakua masasisho, inarudisha picha na meseji za WhatsApp, inapanga maktaba ya picha, na mwenyewe hauachi kuishika. Betri ya mAh 5,000 inaweza kuisha saa kumi jioni siku hiyo, na wiki inayofuata ikafika usiku bila wasiwasi. Subiri wiki, kisha fungua ukurasa wa matumizi ya betri kwenye mpangilio. Kama kinachoongoza orodha ni programu usiyoifungua, tatizo ni programu hiyo. Kama ni mtandao wa simu, tatizo ni mahali ulipo.

Hilo la mwisho wasafiri wa visiwani wanalijua vizuri. Mnara ukiwa mbali, simu hupandisha nguvu ya redio yake na kutafuta mawimbi bila kupumzika. Melini kuelekea Ukerewe, simu mpya kabisa inaweza kuonekana mbovu. Iweke kwenye hali ya ndege mkiwa katikati ya maji, uitoe kwenye hali hiyo mkikaribia gati.

"Ni ya 5G, intaneti itakuwa kali popote"

Kasi inatoka kwenye mnara. Vodacom iliwasha 5G Tanzania mwaka 2022 na mitandao mingine ikafuata, ila penye mnara wa 4G simu yako ya 5G ni simu ya 4G. Mahali 5G inapokuja na kupotea, chagua 4G kwenye aina ya mtandao. Simu hutulia na chaji hukaa.

"Inachaji kwa wati 67"

Kwa dakika chache za mwanzo, betri ikiwa chini, kwa kichwa chake na waya wake. Ikipita asilimia 80 hupunguza. Kwa kichwa cha kawaida hurudi wati 10 au 18. Uliza kama kichwa kipo kwenye boksi: Apple iliacha kukiweka tangu 2020, na Samsung ikafuata kwenye Galaxy S21, mwaka 2021.

"Skrini ina niti 3,000, juani unaona kila kitu"

Niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini, na namba hiyo hupimwa kwenye kipande kidogo cha skrini, kwa video maalumu. Tafuta namba ya skrini nzima ikiwa nje, ambayo ni ndogo zaidi kwa mbali. Na mwombe muuzaji mtoke nayo mlangoni, mwanga wa kujirekebisha ukiwa umewashwa, maana simu nyingi hazifiki kileleni bila huo. Kaeni dakika tano juani. Simu ikipata moto na kujififisha yenyewe, umeshajua itakavyokuwa ukipokea malipo pembeni ya barabara Buzuruga.

"Nitaifunga kwenye bodaboda iwe ramani"

Kamera zenye kitulizaji cha lenzi zina sehemu ndogo zinazoelea ndani. Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini za pikipiki kubwa, ukipita kwenye usukani, unaweza kuziharibu taratibu, na kwa pikipiki ndogo ikashauri kishikio chenye kupunguza mtetemo. Dalili ni picha zisizotulia na mlio mdogo kamera ikifunguliwa. Kwa dereva, simu ya bei ndogo isiyo na kitulizaji hicho inafaa zaidi usukanini, ile nzuri ikae mfukoni.

"Ni mpya, itapata masasisho miaka mingi"

Google tangu Pixel 8 ya 2023 na Samsung tangu Galaxy S24 ya 2024 zimeahidi miaka 7 kwa matoleo hayo ya juu. Simu nyingi za bei ya chini huahidi miwili au mitatu. Muhimu zaidi, hesabu huanza siku toleo lilipotoka duniani. Simu iliyofungwa kwenye boksi lakini ni ya miaka mitatu nyuma imeshakula miaka mitatu.

"Boksi limefungwa, hivyo ni halali"

Nailoni hufungwa tena kirahisi. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili. Zilinganishe na za kwenye boksi na za kwenye mpangilio. Kisha tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, usome kampuni na modeli itakayorudi. Tangu usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia huzimwa kwenye mitandao ya Tanzania, kwa hiyo hili si la hiari. Kwa iPhone, tazama pia ubavuni: za soko la Marekani kuanzia iPhone 14 hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM (laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu) peke yake. Kama unategemea kuhamisha laini kutoka simu moja kwenda nyingine, hiyo si yako hata ikipunguzwa bei. Na modeli iliyorudi kwenye ujumbe isipofanana na iliyoandikwa kwenye boksi, irudishe simu kaunta kabla hujatoa pesa.