Nobu Iliyolegea Si Amplifaya Iliyokufa
Miongoni mwa wapigaji wa gitaa la besi mjini Kisumu, wa bendi za benga na wa makanisani pia, wapo wenye dhana kwamba nobu ya amplifaya, ile inayozungushwa kurekebisha sauti, ikilegea, basi kidhibiti kizima cha sauti kimeharibika, au kwamba tone la supagluu litamaliza kazi. Dhana zote mbili hazina msingi. Nobu ni kofia tu, aghalabu ya plastiki, iliyovishwa kijiti cha kidhibiti. Kijiti hicho kikiwa na meno na mpasuo katikati, mara nyingi hutosha kuchomoa nobu, kuutanua mpasuo kidogo sana kwa ncha ya kisu, kisha kuirudisha. Gundi, kwa upande wake, huweza kupenya hadi ndani na kukigandisha kidhibiti, na hapo ndipo gharama ya kweli huanza. Anayenunua nobu mpya apime kwanza, kwa kuwa kijiti cha milimita 6 na kile cha milimita 6.35 ni vigumu kutofautishwa kwa macho, na kijiti cha mviringo kisicho na meno huhitaji nobu yenye skrubu ya ubavuni. Ikiwa kinachocheza ni kijiti chenyewe, amplifaya ichomolewe kwenye umeme na nati iliyo chini ya nobu ikazwe mapema, kabla waya za ndani hazijakatika.