Mr. Bean si bubu

Kwenye vibanda umiza vya Mtwara, vile vya kuonyeshea video, tulikua na imani moja: Mr. Bean ni bubu, na akili zake hazijatimia. Mzee mmoja wa Mikindani alimhurumia kabisa, akasema Wazungu hawana haya, wanamcheka mgonjwa.

Turudi nyuma kidogo. Bean alionekana kwenye televisheni mara ya kwanza Januari 1, 1990. Kabla ya hapo Rowan Atkinson, anayemwigiza Bean, alishapata jina Uingereza, tena kwa kuongea. Mwaka 1979 BBC2 ilianza kurusha Not the Nine O'Clock News, vichekesho vifupi vifupi vya kukejeli habari na wanasiasa. Alikuwa na Mel Smith, Pamela Stephenson na Chris Langham. Msimu wa pili Langham akampisha Griff Rhys Jones. Humo Atkinson anaongea mpaka basi. Kuna kipande kaigiza gorila msomi anayembishia profesa wake, na mimi nakipenda kuliko vyote vya Bean.

Kuhusu akili, Atkinson ana shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme kutoka Oxford.

Hata Bean mwenyewe husema, ila maneno mawili matatu, kwa sauti nzito ya kukwaruza. Kibandani tulikuwa tunapiga kelele, nani angemsikia?