Kaakaa lililopasuka na masikio ya mtoto: maswali ya wazazi Kisumu

Swali: Mwanangu alizaliwa kaakaa limepasuka. Daktari anataka apimwe masikio. Kwani shida si ya mdomo?

Jibu: Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaopeleka hewa hadi nyuma ya ngoma ya sikio. Misuli ya kaakaa ndiyo huufungua tunapomeza au kupiga miayo. Kaakaa likiwa limepasuka, misuli hiyo haivuti vizuri, mrija haufunguki, na majimaji mazito kama uji hujikusanya nyuma ya ngoma. Sauti zinafika, ila hafifu. Hali hii huwapata karibu watoto wote wenye kaakaa lililopasuka. Aliyepasuka mdomo wa juu pekee hana hatari kubwa hivyo.

Swali: Lakini mlango ukibamizwa anashtuka.

Jibu: Kishindo si kipimo. Kinachompotea ni maneno ya kawaida, hasa sauti nyepesi kama s na f. Akiwa anacheza, keti nyuma yake umwite bila kupaza sauti. Leo ataitika, wiki ijayo asiitike, maana majimaji huongezeka na kupungua. Wengi huitwa wakaidi kwa sababu hiyo, na kusema kweli ni kuwaonea. Hata akiitika, mpeleke: kipimo hakiumi, na mtoto mchanga hupimwa akiwa amelala.

Swali: Akishonwa kaakaa, masikio yatapona?

Jibu: Upasuaji huo hufanywa mara nyingi kati ya miezi 9 na 18. Unasaidia, lakini majimaji yanaweza kurudi kwa miaka, kwa hiyo usiache kliniki ya masikio eti kidonda kimepona. Daktari anaweza kungoja na kupima tena, kumpa kifaa cha kusaidia kusikia, au kuweka kijibomba kidogo kwenye ngoma ili hewa ipite. Kijibomba hicho kwa kawaida huanguka chenyewe baada ya miezi kadhaa.

Swali: Sikio linatoa usaha. Nyanya yake anataka tutie mafuta ya moto.

Jibu: Mweleze nyanya kwa heshima kwamba mafuta, dawa za majani na maziwa ya mama haviingii sikioni. Pangusa usaha wa nje tu kwa kitambaa safi, kisha mpeleke kliniki. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia, ulizia daktari wa masikio, pua na koo, na useme mapema kwamba mtoto alizaliwa na kaakaa lililopasuka.